Mti Uliofunga Njia ya Masha

Mwaka 2011, kiangazi cha Juni kikiwa kimekwisha kukausha majani ya vilima vya Isingiro, Uganda, nilikuwa na umri wa miaka arobaini na saba, mjane wa mwaka wa tano, na mlinzi wa kizuizi cha mifugo kwenye njia itokayo Masha kuingia makazi ya Nakivale. Binti yangu wa pekee, Riziki, alikuwa ameposwa. Ng'ombe wa mahari yake walikuwa ng'ambo ya kizuizi, na aliyekabidhiwa kazi ya kuwazuia wasipite alikuwa mimi.

Nawaandikia ninyi vijana mliochukua kazi hii baada yangu. Nilistaafu mwaka 2015, magoti yalipokataa kuchuchumaa mbele ya kwato, na tangu hapo nimewaona mkipita na pikipiki na simu zenu za kupigia picha vidonda. Hayo ni mema. Hata hivyo, kuna mambo ambayo simu haitawaeleza, na mojawapo ni namna kijiji kinavyomtazama mtu anayefunga njia.

Kwanza niwaeleze karantini ilivyokuwa. Ugonjwa wa miguu na midomo ukionekana katika zizi lolote, ofisi ya mifugo ya wilaya hutangaza amri. Tangu siku hiyo ng'ombe, mbuzi, kondoo wala nguruwe hawavuki mpaka wa eneo. Mnada unafungwa. Bucha inafungwa. Maziwa hayatoki. Sisi kizuizi chetu kilikuwa gogo la mkaratusi lililolazwa juu ya panda mbili, na chini yake magunia yaliyoloweshwa dawa, ili kila kiatu na kila gurudumu likanyage kabla ya kupita. Mimi nilikuwa mhudumu wa mifugo, na pamoja nami alikuwapo askari polisi mmoja, Afande Opio, mtu wa kaskazini, mrefu, mwenye Kiswahili cha kambi za askari na moyo mwepesi kuliko sare yake.

Msidhani kazi ile ilikuwa huzuni tupu. Asubuhi moja alitujia mama mmoja wa kwetu, Mkongomani, amebeba mtoto mgongoni, amemfunika kitenge hadi kichwani, na juu ya kitenge amemvisha kofia ya sufu. Opio alimzunguka polepole.

"Mama, hii mutoto gani iko na pembe?"

"Afande, si pembe. Ni nywele balimusuka."

"Ah. Na kwa nini nasikia anatafuna?"

"Iko na njaa, afande. Batoto ya wakimbizi iko na njaa siku zote."

Mbuzi naye, kana kwamba amesikia anatajwa, akalia. Opio alicheka hadi akaegemea gogo. Kisha akafuta machozi na kumrudisha yule mama alikotoka, pamoja na mtoto wake mwenye pembe, kwa maana kicheko hakikuwa kibali. Nilijifunza kwake kwamba unaweza kumkatalia mtu bila kumdhalilisha. Mimi sikuwa na kipaji hicho. Nilikataa kwa uso mkavu, na watu hawakunisamehe uso ule.

Nilifika Nakivale mwaka 1996, nikiwa na miaka thelathini na miwili, pamoja na mume wangu na Riziki, tukitoka milima ya Kivu ya Kusini, ambako kuacha ng'ombe kulituuma kuliko kuacha nyumba. Sikuwa nimekalia dawati hata siku moja. Mwaka 1999 niliingia darasa la watu wazima lililofundishwa kanisani, na kwa kuwa mwalimu alianza kila somo kwa kuandika tarehe ubaoni, nilijua kuandika tarehe kabla ya kuandika jina langu. Mpaka leo, nikikumbuka jambo, siku yake hunijia kwanza. Mwaka 2004 nilipelekwa Mbarara kwa mafunzo ya uhudumu wa mifugo. Nilikuwa mwanafunzi mzee kuliko wote, na mwanamke peke yangu.

Aliyetufundisha alikuwa daktari wa mifugo aitwaye Kamugisha, Munyankole mpole, mwenye kuzungumza kwa sauti ndogo kana kwamba ng'ombe wamelala chumba cha pili. Alituambia: "Usimguse ng'ombe kabla hujamtazama akitembea. Simama langoni. Wape nafasi watoke zizini, na umtazame anayetoka wa mwisho." Ng'ombe mwenye vidonda kwatoni hukanyaga kama mtu aliyevua viatu juu ya kokoto. Mwenye vidonda mdomoni husimama mbele ya majani asile, akilambalamba hewa, na mate yake hushuka kama uzi. Ndipo umshike puani, uvute ulimi pembeni, utazame ufizi na ulimi wote, si ncha peke yake. Ukimaliza, osha mikono, osha buti, osha hata kamba. Na siku zote anza na mazizi mazima, umalizie na lile unalolishuku, kwa sababu mgonjwa akiwa wa kwanza, wewe ndiwe utakayeupeleka ugonjwa kwa wengine.

Hayo yote niliyashika vizuri, na bado karantini yangu ya kwanza, mwaka 2005, ilishindwa. Tulifunga njia kwa bidii. Tuliwarudisha wachuuzi, tulimwaga maziwa, tulilala palepale. Ugonjwa ukatupita ukaenda zake ng'ambo. Daktari Kamugisha alikuja, akatazama gogo letu zuri, akatazama bonde lililokuwa nyuma yetu, akauliza: "Na kule chini, wanakunywa wapi?" Walikuwa wakinywa ziwani, mifugo ya pande zote mbili, bega kwa bega, kila siku, mbele ya macho yetu. Sisi tuliotoka milimani tulizoea kila ukoo kuwa na kijito chake. Ziwa moja la watu wote halikutuingia akilini kuwa ni njia. Tangu mwaka huo, nikifika eneo lolote, swali langu la kwanza limekuwa la maji.

Turudi mwaka 2011. Amri ilitangazwa mwishoni mwa Mei, na arusi ya Riziki ilikuwa imepangwa Julai. Mchumba alikuwa Yeremia, fundi wa pikipiki mjini Mbarara, kijana wa watu wetu. Baba yake, mzee Rubeni, alikuwa amekodi malisho Masha na huko ndiko walikokuwa ng'ombe. Kwa desturi ya ukoo wetu, binti hatoki kwa wazazi wake mpaka ng'ombe waingie uani, mzee wa nyumba atamke kwamba wamepokelewa, na binti mwenyewe awanyweshe maji kwa mkono wake. Akishawanywesha, anaondoka. Asipowanywesha, hata akiwa na watoto watatu, wazee watamwita mgeni kwa mumewe.

Kwa hiyo karantini ilimzuia Riziki nyumbani kwangu. Wengine waliliona jambo hilo kabla yangu.

Mwanzoni watu walinichukia kwa sababu ya maziwa. Sikiliza, kijana: utamwaga maziwa. Utamwona mwanamke ameendesha baiskeli tangu alfajiri na jerikeni lake, na utalifungua, na yatatiririka meupe juu ya vumbi, na mbwa watakuja. Hakuna namna nzuri ya kufanya hivyo. Baada ya wiki kadhaa, kanisani benchi langu likawa na nafasi kubwa. Kisimani, nikifika, mazungumzo yalikatika kama redio iliyoishiwa betri. Jirani yangu, Mama Solange, ambaye tulitoka naye Kivu na tukazikiana waume, alianza kunisalimia kwa kichwa tu. Jioni nilipika ugali na maharage, nikala na Riziki, na nje hapakusikika mtu akipiga hodi. Mume wangu angalikuwa hai, nadhani tungaliyacheka hayo. Mtu mmoja hawezi kuyacheka peke yake.

Julai ilipita bila arusi. Katikati ya Agosti tulipata habari njema: hakukuwa na kidonda kipya katika eneo zima, na kilichobaki ni ukaguzi wa mwisho wa mazizi kabla ya kufungua. Mazizi ya upande wa Masha, pamoja na la mzee Rubeni, yalipangiwa mimi. Nilimwomba Daktari Kamugisha anipe nafuu.

"Daktari, lile ni zizi la wakwe zangu. Atafutwe mtu mwingine."

"Hakuna mwingine, nyabo," alisema kwa sauti yake ndogo, akiniita mama kwa lugha yao. "Watazame kama unavyowatazama wa wengine."

Nililiacha zizi lile liwe la mwisho. Nilifika, nikavaa buti zilizooshwa, nikasimama langoni. Mzee Rubeni alitoka na fimbo yake, amevaa koti ingawa jua lilikuwa kali, akanipokea kwa heshima yote.

"Karibu, bamwana," alisema. Ndivyo wazazi wa wanaooana wanavyoitana kwetu. "Leo tunafungua njia, na batoto bapate amani."

Ng'ombe wakatoka. Wa mwisho alikuwa mtamba mwekundu, mzuri, ambaye tulikuwa tumekwisha kuambiwa kuwa ni mmoja wa mahari. Alitembea sawasawa. Lakini alipofika kwenye majani alisimama, hakula, na uzi wa mate ukashuka hadi chini. Nilimshika puani, nikavuta ulimi. Pembeni, karibu na meno ya nyuma, palikuwa na kidonda kibichi chekundu.

"Ni mwiba," alisema Rubeni upesi. "Anakulaka miiba, huyu. Tangu zamani. Ni mwiba tu, bamwana."

"Inawezekana ni mwiba."

"Basi?"

"Basi sijui. Na nisipojua, naripoti."

Aliegemea fimbo yake. "Unaogopa baridi ya kubaki peke yako mu nyumba, eh? Ile ndiyo unaripoti."

"Naripoti kidonda, mzee Rubeni."

"Weye ni mama ao ni polisi?"

 Niliosha buti zangu palepale mbele yake, kwa sababu kanuni ni kuziosha.

Daktari Kamugisha alikuja siku iliyofuata. Naye alitazama ulimi ule pande zote. Mguuni hapakuwa na kitu, katika ng'ombe wengine hapakuwa na kitu, lakini hakutaka kukisia. Alichukua sampuli, ikapelekwa maabara ya serikali, na akaamuru kwamba mpaka jibu lirudi gogo lisiondolewe. Si kwa Rubeni tu. Kwa wote.

Mnajua habari inavyokwenda makambini. Kabla ya jua kuzama, ilikwisha kuwa kwamba Mama Riziki ameona ugonjwa ambao haupo, ili binti asiolewe. Mama Solange ndiye aliyeniletea mlangoni, na hakukaa.

"Batu basema unamufungia Riziki kama kuku."

"Na wewe unasemaje?"

"Mie sisemi kitu. Mie niliuza maziwa zamani. Sasa niko naangalia ndoo." Akageuka akaenda zake.

Kisha wakaja wazee wawili wa kanisa na shauri ambalo lilikuwa la busara, na ndiyo sababu liliniumiza. Walisema: karantini inazuia ng'ombe, haimzuii binti. Mwache aende Mbarara kwa mumewe sasa, ng'ombe watakuja njia ikifunguliwa. Sikuwa na kanuni ya kujikinga nayo. Nilisema nyumba ya marehemu mume wangu haitoi binti kama mzigo unaotangulia mwenyewe. Nilisema kwa kiburi, na kiburi changu mnakijua. Lakini walipoondoka nilikaa jikoni nikijiuliza ni nani hasa aliyekuwa amefunga njia.

Riziki alikuwa akichambua maharage kwenye ungo. Hakuinua macho.

"Mama, nikuulize kitu?"

"Uliza."

"Ulipoona kile kidonda. Ulifurahi?"

Mtu akikuuliza hivyo, anastahili jibu lililopimwa. Nililipima.

"Niliogopa," nilisema. "Niliogopa ugonjwa. Baadaye, nikiwa njiani kurudi, nikawaza kwamba utakuwapo nyumbani jioni, na nikatembea upesi. Hayo yote mawili ni kweli. Lakini kidonda nilikiona kabla ya kukufikiria wewe."

Alipata kijiwe kwenye ungo. Akakitupa nje ya mlango.

"Kama unataka kwenda," nikasema, "nenda. Kesho. Sitakuzuia, na atakayekuita mgeni atanikuta mimi."

"Hapana. Nitangojea, ninyweshe ng'ombe. Sitaki baseme nilitoka kwetu kama mutu anakimbia." Kisha akacheka kidogo. "Na tena, nikikimbia, nani atakula na weye haya maharage yote?"

Tulikula pamoja, na hatukulizungumza tena.

Jibu la maabara lilirudi mwishoni mwa Agosti. Haukuwa ugonjwa wa miguu na midomo. Kidonda kilikuwa cha kuchomwa, na kilikuwa kikipona. Mzee Rubeni alikuwa amesema kweli, nami nilikuwa nimeshuku kitu ambacho hakikuwapo. Daktari Kamugisha alinipa habari hiyo mbele ya Opio, bila kunilaumu na bila kunisifu. Opio alitaka kunituliza.

"Mama, hata mimi, risasi nasikia, nalala chini. Baadaye naona ni tairi imepasuka. Mimi sioni haya. Mimi niko hai."

Nilimshukuru. Lakini nataka mwelewe, ninyi mnaoanza: kutokukosea hakuzuii watu kukuchukia, na kukosea hakuthibitishi kwamba ulistahili kuchukiwa. Ningeona uzi ule wa mate kesho, ningeripoti kesho. Maziwa mengine ya watu yamemwagika kwa sababu ya mwiba ule, nalijua hilo, na sijapata neno la kumwambia Mama Solange. Yeye naye hajaliomba.

Ijumaa, tarehe 2 Septemba 2011, mwenyekiti wa eneo alikuja kizuizini pamoja na Daktari Kamugisha, na amri ya kufungua ikasomwa kwa sauti, kwa Kinyankole na kisha kwa Kiswahili. Watu walisimama pande zote mbili wakiwa na wanyama wao. Daktari alinipa ishara. Mimi na Opio tulishika gogo, yeye upande mnene na mimi upande mwembamba, tukalibeba mpaka shimoni kando ya njia. Watu walianza kupita kabla hatujalitua. Waliokuwa wakinipita walitazama mbele.

Ng'ombe wa Rubeni walipita katikati ya kundi, yule mtamba mwekundu akiwa miongoni mwao. Opio alivua kofia yake, akawapungia kama watu.

Niliwahi nyumbani kabla yao, nikabadili nguo. Riziki alikuwa amejaza beseni maji na amefunga kitenge kipya. Alikuwapo Yeremia, walikuwapo ndugu zake waliokuja kwa gari dogo kutoka Mbarara, alikuwapo mzee Rubeni na koti lake. Ng'ombe wakaingia uani. Wazee wa kwetu, wale walioalikwa kusimama upande wa marehemu mume wangu na kutamka neno la kupokea, hawakuja. Tulingoja. Kwenye ua wa jirani niliona mgongo wa Mama Solange akianika nguo, kisha nikaona hata mgongo haupo.

Mzee Rubeni alitazama njia, akanitazama mimi. Hasira ilikuwa imemtoka, na badala yake ilikuwapo aibu, sijui yake au yangu.

"Bamwana," aliuliza kwa upole, kama desturi inavyomtaka aulize, "tumeleta. Ni nani anayesema kwa nyumba hii?"

Mwanamke hasemi hapo. Tangu nizaliwe sikuwa nimesikia mwanamke akisema hapo. Nilisimama, nikasogea mpaka mahali ambapo mume wangu angalisimama, mkono wa kulia wa lango.

"Tumepokea," nilisema.

 Kisha Rubeni akavua kofia yake, akainamisha kichwa, na jambo likawa limekwisha. Riziki alikaribia na beseni, akawanywesha mmoja baada ya mwingine, akiwashika chini ya taya kama nilivyomfundisha. Alipomaliza, aliniwekea beseni tupu mikononi, akanikumbatia pamoja nalo, na akaingia garini.

Jua lilipoanza kushuka, ng'ombe walikuwa wakilia uani, wamegeukia upande wa Masha, wakiitafuta njia waliyojia. Niliweka beseni chini, nikachukua panga, nikaenda kuwakatia majani.